Kwa Kaka Mkalimani, Kuhusu Swali la Mama

Mpendwa kaka Mfaume,

Wanatafuta mtu wa kazi yako. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji hapa Ziwani, na jingine nimeambiwa liko mjini Chikongola, karibu na soko. Wanataka mtu anayejua Kireno na Kiswahili sawasawa, mwenye adabu, na asiye mlevi. Vita vya ng'ambo ya Ruvuma vimekwisha, watu wanarudi makwao, wengine wanakuja kutafuta ndugu zao, na kila ofisi kuanzia bandarini mpaka hospitali imezinduka kwamba haina mtu wa kusema nao. Enzi zako kilitakiwa Kiingereza. Sasa zamu ya Kireno imefika, na vijana waliokuwa wakichekwa kwa lafudhi yao ndio leo wanaofua mashati na kuazimana viatu.

Jana alasiri alikuja Zuhura, binti wa jirani zetu waliovuka Ruvuma wakati wa vita. Alisoma kidogo kwa Wareno, na Kiswahili amekijulia hapa hapa, katikati ya mihogo yetu. Akaniambia, "Dada Somoe, nataka ile kazi ya hospitali. Marehemu kaka yako aliifanya. Niambie inataka mtu wa namna gani." Nikamtazama mama kwanza. Mama alikuwa amekaa palepale akibangua korosho. Aliacha, akajipangusa mikono, akaingia ndani. Zuhura akadhani amemkosea. Nikamwambia arudi kesho.

Ndiyo maana nakuandikia. Najua huko uliko posta haifiki, usinicheke. Lakini mimi nikiandika mawazo hukaa sawa, na jambo hili hakuna mwingine wa kumwuliza.

Unaukumbuka mwaka ule uliomaliza shule? Ulikuwa unachukua baiskeli ya baba kabla jua halijapanda, unakwenda mjini kuomba kazi. Bandarini walikuambia urudi mwezi ujao, na mwezi ujao wakakuambia hivyo hivyo. Dukani Chikongola walikuambia wana vijana wao. Kwenye ofisi za serikali hukuvuka mlango, tarishi alikumaliza palepale nje. Ulikuwa unarudi na vumbi mpaka kwenye kope, mama anakuwekea ugali wa muhogo, unakula, naye anauambia ukuta, "Mwanangu ana lugha tatu na hana kazi hata moja." Wewe ulikuwa unacheka. Baba hakuwa anacheka, kwa sababu yeye ndiye aliyemwahidi kila mtu kwamba Kiingereza cha Mfaume kitalisha nyumba nzima.

Kazi yenyewe ikakukuta siku ambayo hukuwa unaitafuta. Ulimpeleka hospitali yule bibi jirani yetu aliyevunjika mguu, umempakia kwenye baiskeli. Daktari alikuwa mgeni, hajui ila Kiingereza. Nesi alikuwa mtu wa bara, anajua Kiingereza na Kiswahili, lakini bibi Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, zaidi ya hapo ni Kimakonde. Wakawa wanapigiana kelele kama watu walio kwenye kingo mbili za mto. Ukaingilia kati. Ulisema ya bibi kwa daktari na ya daktari kwa bibi, na foleni yote ya barazani ikasimama kukusikiliza. Jioni ulirudi bila bibi na bila baiskeli, uliisahau hospitali kwa furaha. Ziwani nzima ikasema Mfaume ameukata.

Ulinieleza sheria ya kazi yako tukiwa tunamenya mihogo. Daktari alikukataza kusema "daktari anasema" au "mgonjwa anasema". Alitaka useme kama vile wewe ndiye mwenye maneno. Mgonjwa akisema tumbo linamuuma, wewe useme, "Tumbo linaniuma." Ukaniambia hivyo ndivyo wakalimani wa kweli wanavyofanya, wale wa mahakamani na wa mikutano mikubwa. Mimi nikakuuliza, "Na akija mwenye mimba?" Ukasema hiyo ilishakupata asubuhi ile ile, umesimama na masharubu yako mbele ya watu ukasema kwa Kiingereza, "Nina mimba, na mtoto amelala vibaya." Mama alicheka mpaka akaangusha kisu. Kwa muda mrefu akawa anakupokea jioni kwa kukuuliza, "Haya, leo umejifungua?"

Nakumbuka zaidi kicheko kile kuliko kitu kingine chochote cha nyumba yetu. Nakumbuka pia kwamba tulikuwa tunacheza kazi yako. Mimi mgonjwa, baba daktari, naye baba hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji, anabwabwaja tu, wewe unamtafsiria kwa uso mkavu kabisa. Hukuwa unacheka ukiwa kazini, hata kazi ikiwa ya mchezo. Unasimama upande wa daktari, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo. Tulikuona ni kichekesho na tukakuzoea hivyo.

Kisha vifo vikaanza kupita mdomoni mwako.

Sisi kwetu, wewe unajua na mimi najua, mtu haambiwi msiba akiwa wima. Habari inakwenda kwanza kwa mjomba. Mjomba anatuma mtu kusema mgonjwa amezidiwa, njooni. Unakwenda, unapita kwa watu wanaokuangalia halafu wanatazama chini, wanawake wanakushika mkono, wanakukalisha mkekani. Ukishakaa, ndipo mjomba anasema. Wakati huo moyo wako umeshajua, umeshatangulia mwenyewe polepole. Hakuna anayedanganywa. Ni kupewa tu muda wa kufika.

Mwanzoni ulifanya hivyo hivyo hospitalini. Daktari anasema mtoto amekufa, wewe unamwambia mama yake, "Mtoto amezidiwa, kawaite wajomba." Daktari anakuona umesema, anaona mama ameinuka na kwenda, anaridhika. Ukawa unatuambia kwa siri, na mama yetu akakusifu kwamba Kiingereza hakijakula adabu yako.

Mpaka siku ya uji. Ulikuja jioni hukutaka chakula, ukaniita nyuma ya nyumba. Ulikuwa umemwambia mwanamke mmoja aliyetoka mbali, upande wa Mnazi Bay, kwamba mwanawe amezidiwa akawaite wakubwa. Hakuwa na wakubwa karibu, alikuja peke yake. Hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Alikwenda mpaka kwa watu wa mjini asiowajua, akaomba unga, akaomba moto, akapika uji, akarudi nao kwenye kikombe amekifunika kwa upande wa kanga usipoe. Alimkuta daktari mlangoni. Wewe ulikuwepo. "Alikuja na uji, Somoe," uliniambia, ukarudia. Daktari alikufokea kwamba umemwongopea mama wa watu, na kwamba safari nyingine utafute kazi kwingine. Lakini mimi najua si kazi uliyoiogopa. Ulikiogopa kile kikombe.

Kuanzia hapo ulisema kama ulivyoambiwa. Amefariki. Wazi, kwa Kimakonde, mbele ya mtu aliyesimama. Na watu wakaanza kukubadilikia. Wanawake waliokuwa wakikuita njiani wakutume mjini wakawa wanaona baiskeli yako kwa mbali na kuingia ndani. Bado vijana walikuja kukuuliza namna ya kupata kazi kama ile, nawe ukawafundisha maneno ya Kiingereza ya mwilini, ini, figo, mapafu, na walipokwisha kuyajua hawakurudi kukushukuru. Hukulalamika. Ulisema kazi ni kazi.

Sasa nifike kwenye siku ya baba, maana nimeizunguka vya kutosha.

Ngiri ilimbana tangu usiku wake, na mpaka tumempata mtu wa gari jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Wakampeleka kupasuliwa. Mjomba Selemani tulimtumia habari kijijini kwake Naumbu, alikuwa njiani. Mimi na mama tulikaa barazani, mama amemshikia baba viatu. Wewe ulikuwa ndani na daktari, zamu yako. Nilifurahi kwamba uko ndani. Nilijiambia, angalau baba ana mtu wake.

Mlango ukafunguliwa, mkatoka wote wawili. Nilikuangalia miguu kwanza, sijui kwa nini. Hukuja upande wetu. Ulisimama pale unaposimama siku zote, kando ya daktari, mikono nyuma, kichwa kimeinama. Mama akainuka. Daktari akasema maneno yake, mafupi, kwa sauti ya chini. Mimi Kiingereza ulishanifundisha kidogo, nilisikia nilichosikia, nikakuangalia wewe nikingoja uje umshike mama mkono, umkalishe, useme amezidiwa, useme tumngoje mjomba. Useme chochote.

Ukasema, "Mama, nasikitika. Nimefanya kila nililoweza. Mume wako amefariki."

Mume wako. Ulisema vile alivyosema mwenye maneno.

Mama hakulia. Hakumtazama daktari hata kidogo. Alikutazama wewe, akakuuliza taratibu, "Mume wangu. Na kwako alikuwa nani?"

Na wewe kaka, Mungu akurehemu, ukamgeukia daktari ukamtafsiria lile swali. Nadhani hukujua unachofanya. Mdomo ulikwenda wenyewe kama baiskeli inayoteremka. Daktari akashtuka, akakuuliza kwa Kiingereza kama huyu ni mama yako. Hilo hukulitafsiri. Ulibaki umesimama, na mama akageuka, akashuka ngazi na viatu vya baba mkononi, akaenda kukaa chini juani peke yake. Nilimfuata yeye. Nilipotazama nyuma daktari alikuwa amekuwekea mkono begani, na wewe bado mikono ilikuwa nyuma.

Kwenye matanga ulifika umevaa kanzu, ukaja kumpa mama mkono. Mama akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mkalimani wa serikali amekuja. Mpeni kiti." Mjomba Selemani alijaribu kusema naye, akashindwa. Mama hakukufukuza wala hakukulaani. Ila tangu siku ile hakusema na wewe tena moja kwa moja. Alisema kupitia kwangu.

Hebu fikiri mambo yale. Mnakaa barazani, goti lako karibu liguse lake, lugha yenu moja, aliyokunyonyesha yeye mwenyewe, naye ananiambia mimi, "Mwambie mkalimani chai ipo." Nakuambia chai ipo. Unajibu, "Mwambie mama nashukuru." Namwambia anashukuru. Nami katikati, bila mshahara. Kuna siku nilichoka nikasema sitafsiri tena, mna masikio. Mkakaa kimya wote wawili mpaka chai ikapoa, nikaona kimya ni kibaya kuliko kazi yangu, nikarudi kazini.

Siwezi kusema hakukupenda. Ungekuwa na macho ungeona. Ulipoleta sukari aliitumia. Ulipokawia, alinituma nikachungulie njia, akidai kuna mbuzi anayemtafuta. Na siku moja ulipoinuka kuondoka alisema kwa haraka, "Mwambie mkalimani amekonda." Nilikuambia, nikaona uso wako. Ulijibu, "Mwambie mama ni baiskeli tu." Nikamwambia ni baiskeli. Nilitamani kuwapiga vichwa vyenu vikagongane.

Halafu wakakuhamishia zahanati ya kule Ruvuma, wanakovuka watu wa ng'ambo. Walisema ni kupanda cheo. Walikuhitaji kwa sababu ulishajiokotea Kireno kidogo na Kimakua juu ya zile lugha zako, na watu wenye risasi mwilini hawangoji mkalimani atoke mjini. Ulioa huko. Barua zako zilikuwa nzuri na fupi, na kila moja ilimaliza hivyo hivyo: "Mwambie mama nipo." Nilimsomea. Yeye alikuwa anajibu, "Haya." Hiyo "haya" sikujua niiandikeje, nikawa nakuandikia kwamba mama anakusalimu. Sikuwa mkalimani mzuri kama wewe.

Uliugua homa mvua zikiwa zimefunga barabara. Hukutuandikia. Wifi alisema ulikataza, ulisema utakuja mwenyewe ukipona. Gari la hospitali lilipopata njia lilikukuta huwezi kukaa, na njiani hukufika. Wakakurudisha wakakuzika huko huko siku ile ile. Haya tuliyajua baadaye. Sisi habari ilitufikia kama kawaida yetu, kwa mjomba Selemani, aliyekuja asubuhi na shangazi wawili nyuma yake, wamevaa kanga za kutembelea. Mama alikuwa anaanika mihogo. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio. Mjomba alinivuta kando kwanza, akaninong'oneza, maana alinitaka nisaidie kumshika. Kwa hiyo mimi nilikwisha jua kabla yake.

Mjomba akamwendea, akakohoa, akasema, "Dada, kule Ruvuma Mfaume amezidiwa. Inabidi twende." Shangazi wakasogea kumshika mikono, mkeka ulishatandikwa.

Mama akairudisha mikono yao. Akasema, "Kaka, nyamaza. Nimeshawaona hao waliokuja nyuma yako." Kisha akaniita mimi. "Somoe, sema wewe. Sema kama alivyosema yule."

Nilikataa kwa kichwa. Akangoja. Mama unamjua akingoja. Nikaweka ufagio chini. Sikujua niweke wapi mikono, nikaiweka nyuma. Nikasimama mbali naye kidogo, kichwa nikakiinamisha, nikasema, "Mama, nasikitika. Mwanao amefariki."

Alikuwa bado amesimama, wima kabisa, unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko. Akanitazama sana. Akaniuliza taratibu, kwa sauti ile ile ya barazani, "Mwanangu. Na kwako alikuwa nani?"

"Kaka yangu, mama," nikasema. "Alikuwa kaka yangu."

Akafungua mikono yake. "Basi njoo tulie," akasema. Na nilipokuwa kifuani kwake, wakati mjomba na shangazi wameanza kulia nyuma yetu, akanisemea sikioni, mimi peke yangu, "Yule sikumngoja ajibu."

Hakuna siku niliyopata ya kukutafsiria neno hilo, Mfaume. Nimelibeba tangu msiba wako mpaka leo. Tulikwenda kaburini kwako, nikataka kulisema pale, kukawa na watu wengi. Kwa hiyo naliandika hapa kama alivyosema, bila kuongeza salamu zangu za uongo: siku ile ya baba hakukungoja ujibu, na anajua.

Nina hasira bado. Ninamkasirikia daktari ambaye hakuuliza mpaka neno limetoka, na wewe uliyekuwa hodari hata pale usipotakiwa kuwa hodari, na mama naye. Watu wanasema kazi ya lugha mbili ni nyepesi, huinui kitu, unakaa kivulini, unalipwa kwa kusema. Waje waniulize mimi. Lakini pia sitamwambia Zuhura asiende. Kwao wana njaa, na kuna mwanamke mahali fulani leo anapika uji kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Asubuhi hii mama ametoka ndani, akaniuliza yule binti anarudi saa ngapi. Nikamwambia baada ya adhuhuri. Akasema nisihangaike kutafuta maneno, atasema naye mwenyewe. "Nitamwambia aende," akasema. "Ila siku akiletwa mtu wake, atoke upande wa daktari aje akae upande wetu." Kisha akarudi kwenye korosho zake. Mpaka sasa naandika, naye kila mara anainua kichwa kuangalia njia.

Lala salama, kaka. Mikono yako iache mbele sasa, umeshamaliza zamu.

Ni mimi mdogo wako, mkalimani wenu asiye na mshahara,
Somoe